Karani wa wakili anayetakiwa kuwa msaidizi wa sheria: jirani yake anamngoja, bosi wake hajui

Assalamu alaykum Bi Mkubwa,

Natumai hujambo na ahli zako wote. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mume na watoto wawili. Nakaa shehia moja ya Wilaya ya Wete, na kazi yangu iko Chake Chake kwenye ofisi ya wakili. Ni karani. Nafungua mafaili, nachapa hati za madai na hati za viapo, natoa kopi, napeleka nyaraka mahakamani kusajiliwa, nafuatilia tarehe za kesi na kuwapigia wateja kuwakumbusha. Wakili ni mtu wa heshima, hajapata kunipandishia sauti, na mshahara ingawa mdogo hauchelewi.

Miaka yote hiyo nimejifunza sheria kwa masikio. Najua kesi ya matunzo ya mtoto inakwenda wapi na ya shamba inakwenda wapi, lakini nikiulizwa kwa nini, sina jibu. Na lipo jambo sijamwambia mtu. Nyaraka za Mahakama Kuu nyingi ni za Kiingereza, na mimi Kiingereza nakichapa kwa macho tu. Herufi naziona, maana inanipita. Kidato cha nne nilipata C ya Kiswahili, C ya Dini, na D za Historia, Jiografia na Uraia. Kiingereza na Hesabu nilipata F.

Sasa jumuiya ya wasaidizi wa sheria ya wilaya yetu inatafuta watu wapya wa kujitolea. Mafunzo yatakuwa ya awamu, siku za mwisho wa wiki, ili wenye kazi zao nao waweze. Sheha alikuja mpaka nyumbani akasema jina langu ndilo la kwanza lililomjia, "maana wewe ushakuwa wakili nusu". Nilicheka, lakini Bi Mkubwa, sikumbuki mara ya mwisho mtu kunifikiria kwa jambo kubwa namna hiyo.

Mtoto wa ami yangu yuko Uingereza. Mchana anafanya kazi ofisi ya mawakili, jioni anasoma. Nilipomweleza kwa simu akaniambia nisilaze damu, yeye ndivyo alivyoanza, nikimaliza mafunzo mshahara utapanda na mwisho wake nitakuwa mwanasheria kamili. Mume wangu hakukataa. Aliuliza neno moja tu, "Utalipwa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Wakili sijamwambia. Mwenzangu wa ofisini anasema hao wasaidizi wa sheria ndio wanaotuharibia, kwa sababu mtu akishapata ushauri wa bure haji tena kwetu. Naogopa bosi akisikia ataona namchimba. Nimewahi kufikiri nisimwambie kabisa. Jumamosi ofisi hufunguliwa asubuhi, lakini sababu ya kutokuja haikosekani.

Lililonifanya nikuandikie hasa ni jirani yangu. Ni mtu mzima, namwita mama mdogo kwa mazoea. Baba yao amefariki akaacha shamba la mikarafuu. Kaka zake wanachuma na kuuza kila msimu, yeye na dada yake hawaoni kitu. Sheha akamwambia, "Karani wa wakili si huyo hapo?" Akaja kwangu, akalia. Asichokijua ni kwamba kaka yake mkubwa ni mteja wetu. Nyaraka zake nimezichapa mimi, na najua anachokusudia kufanya. Nilimwambia nitamjibu, na tangu hapo nikirudi kazini nazunguka njia ya nyuma nisipite mlangoni kwake.

Nimsaidie vipi? Mafunzo niyachukue? Wakili nimwambie au nisimwambie? Au vifedha nilivyoweka nikasomee cheti cha sheria chuoni, nisahau habari za shehia?

Ni mimi,
Karani wa Chake

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Mafunzo yanaweza kungoja. Jirani yako ana siku kadhaa anangoja jibu, kwa hiyo nitaanza na yeye.

Wewe huwezi kumsaidia. Si kidogo, si kwa siri, si kwa fumbo. Hata ukimwambia "mama mdogo, fanya haraka", umeshamsomea faili, kwa sababu hiyo haraka umeijua kwenye karatasi za kaka yake. Siri ya mteja haimfungi wakili peke yake. Inamfunga kila anayegusa karatasi za ofisi ile, anayechapa na anayefagia. Huyo kaka, hata kama moyo wako unamwona dhalimu, alipokaa kwenye kiti chenu aliamini kwamba maneno yake yatabaki humo ndani. Na mtazame jirani mwenyewe. Tuseme amekwenda mbele akitumia jambo lililotoka kwenu. Upande wa pili watauliza kalijuaje, na badala ya mahakama kuzungumzia fungu lake la mirathi, itamzungumzia karani aliyevujisha siri. Atakuwa amepoteza yeye, na kazi umepoteza wewe.

Lakini kujitoa kwako hakuna maana ya kumwacha. Pita njia ya mbele leo hii, ubishe hodi, umwambie: "Mama mdogo, jambo lako mimi kazi yangu hainiruhusu kulishika, ila wapo wa kulishika." Akiuliza kwa nini, jibu ni hilo hilo, kazi hainiruhusu. Usimwambie kwamba kaka yake ni mteja wenu, maana hilo nalo ni siri. Mwelekeze Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kina ofisi Chake Chake, au kwa wasaidizi wa sheria wa wilaya waliopo sasa. Mirathi ya Waislamu Zanzibar ni kazi ya Mahakama ya Kadhi, na huko ataulizwa cheti cha kifo cha baba, majina ya warithi wote bila kumficha mtu, na karatasi yoyote ya shamba kama ipo. Hayo ya karatasi nayasema mimi kwa kila msomaji aliye na shida kama yake. Wewe ishia kwenye kumwelekeza.

Kisha kesho yake mwambie Wakili kwamba fulani alikuja nyumbani kwako, kwamba hukumwambia lolote na umemwelekeza kwingine. Lisije likamfikia kwa mdomo wa huyo mteja.

Sasa mafunzo. Mtoto wa ami yako hakukudanganya, amekusimulia mambo ya kwao. Kule mtu anaajiriwa na ofisi ya mawakili kuwa msaidizi wa sheria, analipwa, na jioni anasoma. Tangu 2021, anayetaka kuwa solisita, yaani wakili wa kule, kwa njia ya mitihani mipya anatakiwa awe na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria, na kazi ya usaidizi kama yake inaweza kuhesabiwa humo. Kwa hiyo kila mwezi anaokaa kwenye meza ile unamsogeza. Kwetu meza yako haikusogezi hivyo. Unaweza kuchapa hati za viapo mpaka ukastaafu, na uwakili ukabaki pale pale ulipokuwa siku ya kwanza.

Msaidizi wa sheria anayetafutwa na sheha wako ni wa namna nyingine. Ni mtu wa kujitolea anayeishi na watu anaowasaidia. Kituo cha Huduma za Sheria kilianzishwa 1992 na kimewafundisha wengi wa aina hiyo, Unguja na Pemba. Baadaye ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, ikaipa kazi hiyo mahali pake pamoja na usajili na usimamizi. Huyu anawaeleza watu sheria, anawasaidia kuandika barua, anasuluhisha yanayosuluhishika, anamsindikiza mtu kwa sheha, polisi au kwa kadhi, na analijua la kumwachia wakili. Hatozi fedha. Hasimami mbele ya hakimu kumtetea mtu. Wala si wakili nusu, na sheha akilirudia neno hilo mbele za watu msahihishe kwa adabu hapo hapo, kabla hajaja mtu kwako na samansi mkono mmoja na noti mkono wa pili.

Wengi huidharau kazi hii wakidhani ni kutoa nasaha tu. Chukua mfano wa shamba, si la jirani yako, shamba lolote la Pemba. Mtu anakuja anasema, "Nataka haki yangu ya mikarafuu ya baba." Asiyejua kuuliza atamwambia nenda kwa kadhi, yakaishia hapo. Anayejua atamkalisha. Shamba baba alilipataje, alinunua, alirithi, au ni katika zile eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi? Maana eka tatu mtu alipewa atumie, zina masharti yake, hazikatwi vipande na wanafamilia kama kiwanja alichokinunua mwenyewe. Mikarafuu kaipanda nani? Huku kwetu mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule, na wazee waliolijua hilo wanaondoka mmoja mmoja. Kuna rehani? Kuna karatasi, au ni maneno? Wanaobishana ni warithi watupu, au yumo na mtu wa nje anayedai mpaka? Likiwa la mirathi linakwenda kwa kadhi. Likiwa la ardhi yenyewe, ipo Mahakama ya Ardhi iliyotokana na sheria ya 1994. Mtu akigonga mlango usio wake anarudishwa, na mpaka aufikie wa pili karafuu za msimu ule zimeshachumwa, zimeanikwa na zimeuzwa.

Hapo ndipo wewe una kitu ambacho wenzako kwenye mafunzo hawatakuwa nacho. Unajua karatasi inavyotembea. Unajua kwamba barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni sawa na haikupelekwa, kwamba tarehe ya kesi haisubiri mtu kumaliza arusi, kwamba kopi moja inabaki kwa mwenyewe. Watu wetu wanapoteza haki kwa mambo madogo kama hayo kuliko kwa ugumu wa sheria.

Lakini ipo sehemu moja ya kazi hii ambayo mwalimu atakueleza na bado hutaijua mpaka ikukute. Mtoto kadhalilishwa. Aliyefanya ni ndugu wa karibu. Wazee wa pande zote mbili wameshakaa, wamekubaliana yaishe nyumbani, na sasa wanakuja kwako uandike karatasi ya sulhu, kwa sababu wewe ni mtoto wa pale pale na wanajua una muhali nao. Karatasi hiyo haiandikwi. Jambo hilo ni la polisi na Kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha hospitalini kinachowapokea waliodhalilishwa, siku ile ile, kabla mtoto hajakogeshwa na nguo zake hazijafuliwa. Wazee hao watakununia, pengine na mama mkwe wako akiwamo. Mimi nimewaona wasaidizi wa sheria hodari, wenye akili na moyo, ambao hapa ndipo waliposhindwa, na walioumia ni watoto. Kama unajijua huwezi kustahimili kunyimwa salamu kisimani, mkatalie sheha mapema. Hakuna aibu katika hilo.

Kuhusu cheti cha chuo, matokeo yako si mabaya kama unavyoyasoma. Kiwango cha chini cha kitaifa cha kuingilia cheti ni ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Toa C yako ya Dini, inabaki Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia. Ni manne barabara, ingawa chuo kinaweza kuongeza sharti lake juu ya hapo, na kwa sheria sharti hilo mara nyingi ni Kiingereza. Kutoka kidato cha nne unaanza cheti cha awali, unapanda ngazi mpaka stashahada, kwa kawaida miaka mitatu kwa jumla. Stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi inakufungulia shahada, ambayo ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Baada ya shahada ndiyo Skuli ya Sheria Zanzibar kwa anayetaka uwakili. Njia ni ndefu, sitakuficha, lakini watu wanaipita wakiwa na watoto na kazi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama cha Lushoto kina jina kwa cheti na stashahada za sheria, tatizo Lushoto iko Tanga na wewe una watoto Wete. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba na kimeundwa kwa ajili ya watu walio kazini, kwa hiyo ukifikia hapo kiulizie mwanzo kabla ya vingine.

Fedha zako lakini usizipeleke chuoni mwaka huu. Sheria inasomeshwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza. Ukiingia na hicho cha kuchapa kwa macho, ada itakwenda na muhula wa kwanza na utarudi nyumbani ukiamini huna akili, wakati tatizo ni lugha tu. Jisajili mtahiniwa wa kujitegemea, ukarudie Kiingereza Novemba, pamoja na Hesabu kama una nguvu. Tafuta mwalimu wa skuli hapo hapo shehiani akufundishe jioni, umlipe kwa hizo ulizoweka. Na soma hukumu zinazowekwa wazi mtandaoni, aya moja kwa siku na kamusi pembeni. Hizo ni za kila mtu. Za wateja usizibebe kwenda nazo nyumbani, hata kama nia yako ni kujifunza.

Ukiniuliza mimi, mafunzo ya shehia yachukue, pamoja na Kiingereza, na cheti kifuate Kiingereza kikishapatikana. Nayasema haya nikijua kwamba mafunzo hayo hayatakuongezea mshahara wala hayatakutoa kwenye meza ya kuchapa. Yachukue kwa sababu unayataka, limeonekana kwenye barua yako kabla hujafika kwa mtoto wa ami. Ila kwa sharti moja.

Wakili lazima aambiwe, na aambiwe na wewe, kabla hujamjibu sheha. Habari ya kutafuta sababu ya Jumamosi iondoe akilini. Pemba hii mtu hawezi kukaa kwenye mafunzo Wete asubuhi, Chake wasijue kabla ya adhuhuri. Tena akijua kwa njia hiyo ataamini lile la kumchimba, na atakuwa na haki ya kuamini.

Chagua siku asiyokuwa na kesi, mchana watu wakishatoka. Usianze na kuomba ruhusa ya Jumamosi, anza na lile linalomhusu zaidi. Mwambie: "Wakili, nimeombwa nijitolee usaidizi wa sheria kwenye shehia yetu. Nimekuja kwako kabla sijakubali, kwa sababu ya siri za ofisi." Hapo atanyamaza akusikilize, kwa sababu umemgusa panapomuuma. Umweleze kwamba jambo lolote linalomgusa mteja wa ofisi, wa sasa au wa zamani, hutalisikiliza hata mwanzo wake, utampa mwenzako wa jumuiya. Kwamba utakayoyasikia shehiani nayo hutayaleta ofisini. Hili watu hulisahau, mama aliyekuja kwako kulia juu ya mumewe hakuja ili ofisi yenu ijue. Kwamba hutamtafutia wateja wala hutawakimbiza. Msaidizi wa sheria anayempeleka mtu kwa bosi wake na kupokea hata hela ya soda ameshakuwa dalali wa kesi, na siku ikijulikana jina la Wakili litatajwa kabla ya lako. Ukimaliza hayo ndipo uombe hizo Jumamosi, na umwambie utazifidia vipi. Yaandike kwenye karatasi moja, umwachie alale nayo.

Anaweza kusema hapana. Kisiwa ni kidogo, mawakili ni wachache, na kila wa pili anayebisha hodi kwako huenda ana mtu wake kwenye makabati yenu. Siri ikivuja anayeulizwa ni yeye. Kabla ya kukubali hilo hapana lake, mpe njia ya kati: ufanye kazi ya elimu tu, kwenye mikutano ya shehia, vikundi vya akina mama na skuli, bila kushika shida ya mtu mmoja mmoja. Watu wengi hawajui hata kwamba kuna Sheria ya Watoto ya 2011, na anayeieleza mbele ya watu arubaini hagusi faili la mtu. Waulize na jumuiya kama watakupangia shehia nyingine badala ya ya nyumbani kwako, itapunguza muhali ingawa haitaumaliza. Akikataa na hilo, basi chagua kazi au mafunzo, na kwa mshahara usiochelewa na watoto wawili mimi nakushauri kazi, mpaka Kiingereza kikutoe hapo. Vyote viwili kwa kificho, hapana.

Mwenzako wa ofisini usibishane naye. Anayekwenda kwa msaidizi wa sheria hakuwa na fedha za wakili tangu mwanzo.

Limebaki swali la mume, ambalo katika barua nzima ndilo lililokaa sawa kuliko yote. Utalipwa nini? Mjibu kweli: mshahara hakuna, pengine nauli na chakula siku za mafunzo, na hilo nalo ulize kwa jumuiya usibuni. Kisha mwambie kitakachomgharimu yeye, ambacho hakukiuliza. Jumamosi zitakwenda, watoto atabaki nao, na msimu wa karafuu ambapo kila mtu yuko shambani ndipo magomvi ya mashamba yatakapofika barazani kwenu. Wekeni saa za kupokea watu, mseme Alasiri mpaka Magharibi, na mwenye shida ya barua au matunzo aje saa hizo. Mke aliyepigwa na mtoto aliyedhalilishwa hawana saa. Mume aridhie tangu sasa kwamba zipo usiku ambazo hodi itapigwa, na yeye ndiye atakayeamka kufungua mlango na kukutafutia gari ya kwenda hospitali. Akilikubali hilo kwa mdomo wake, nenda kwa Wakili.